Dhamana ya Mtani

Nyuma ya ukuta wa kioo, wahandisi wa zamu ya asubuhi walikuwa wakiunga nyuzi za dhahabu nyembamba kuliko unywele. Mikono yao yote ilishuka pamoja, ikapinda pamoja, ikainuka pamoja, utadhani ina mwenyewe mmoja. Na kweli ilikuwa naye. Kila mhandisi alivaa shingoni utepe-ongozi, mkanda uliopokea maelekezo ya mashine kuu na kuyapeleka moja kwa moja kwenye mishipa ya fahamu. Mhandisi hakuhitaji kufikiri. Alitakiwa kuwapo tu.

Gaudensia Komba aliwatazama kwa wivu. "Hao ndio wenye kazi, mwanangu," alimwambia binti yake. "Waangalie vizuri."

Adela aliwaangalia bila hamu. Alikuwa amemaliza shule, na jiji la Ihumwa siku hizo lilimpa kijana milango miwili: uhandisi wa programu au uhandisi wa kompyuta, yaani wa vifaa vyenyewe. Wa kwanza ndio aliousikia moyoni tangu utoto, alipokuwa akikaa mapajani pa mama yake na kumwona akiandika programu za pampu za maji za jiji zima. Lakini mama mwenyewe sasa alishinda nyumbani. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa imeleta Mtunzi, mashine iliyomaliza programu ya mwezi mzima kabla chai haijapoa, na waandishi wa programu wakatemwa kama makapi ya muwa. Lakini wenye kampuni wasisingiziwe ukatili: waliwaaga kwa keki na makofi.

"Mama, mimi napenda programu."

"Hata mimi nazipenda. Zenyewe zimenipenda?" Gaudensia alimshika bega. "Akili zetu wameshaziiga, Adela. Mikono imewashinda. Roboti akigusa uzi ule, unakatika. Mwenye mikono atakula, mwenye akili atapiga miayo. Nenda kwenye vifaa."

Hakuna aliyeingia karakana ile bila mdhamini wa ndani, aliyeweka kiganja chake mlangoni kumkubali mgeni. Na mdhamini huyohuyo ndiye pekee aliyeweza kumtoa. Gaudensia alikuwa na wake. Festo Kihwele alisoma naye chuo kimoja, yeye upande wa vifaa, Gaudensia upande wa programu, na miaka yote walibishana ni fani ya nani itakayokufa kwanza. Yeye Mhehe, Gaudensia Mngoni, watani tangu vita vya mababu. Watani hawa hawakuwahi kupeana shikamoo wala kuulizana habari. Walianza na matusi. Siku ya kumzika baba yake Gaudensia, Kihwele alirukia kaburini, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Wafiwa walicheka huku wakilia, na Gaudensia alimpenda kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Zamu ilipokwisha, Kihwele alitoka akipepesa macho.

"We mateka wetu!" Gaudensia alimpigia kelele. "Bado hujatoroka?"

Kihwele alichelewa kujibu. Alimtazama, kisha tabasamu likaja. "Mngoni! Babu zako waliukimbia mkuki wa Mhehe, mpaka leo hamjapumua. Si nilikwambia programu zitakufa, mimi nitakuzika?"

"Ndiyo maana nimekuletea binti, umdhamini."

Tabasamu likamfutika. "Usimwingize humu."

"Ala! Choyo hicho!"

"Nakwambia, Gauda. Nikivua huu utepe sijui nimeshindaje. Zamani nilisahau yaliyopita zamuni tu. Juzi nimesimama mlangoni kwangu, sijui ni nyumba ya nani. Kitu hiki kinatafuna. Mrudishe mtoto."

Gaudensia alicheka mpaka akaegemea ukuta. Huyu ndiye mtu aliyewahi kumwamsha asubuhi ya mtihani akiapa kwamba chuo kimeungua. "Mhehe kusahau mlango wake, nayo ni habari? Weka kiganja, mateka, acha roho mbaya!"

Kihwele alimwangalia mtani wake akicheka. Midomo ilimcheza kama mtu anayetafuta neno, halafu naye akacheka, kwa mazoea tu, na kwa mazoea yaleyale akaweka kiganja mlangoni.

"Mama," Adela alinong'ona, "mbona macho yake hayacheki?"

"Ndivyo walivyo hao," alisema Gaudensia, akimsukuma taratibu mbele.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Mchele haukukatika nyumbani, na Gaudensia alitembea mtaani kidevu juu, akiwashauri majirani wawapeleke watoto wao kwenye vifaa. Kisha ikaja jioni moja, wako mezani, akaona vidole vya Adela vikibana tonge la ugali, vikiliinua, vikilipinda, vikilirudisha sahanini. Halikufika mdomoni.

"Adela, kula."

"Nakula, mama."

"Leo mmefanya nini kazini?"

Adela alifikiri sana. "Leo nilikwenda kazini?"

Gaudensia alisukuma sahani pembeni. Alinyanyuka, akawasha programu ndogo aliyoandikiwa na Adela alipokuwa darasa la tano, iliyopiga wimbo kila pipa la maji lilipojaa. Wimbo ukalia jikoni. Adela aliusikiliza kwa heshima.

"Nzuri," alisema. "Nani aliiandika?"

Kulipokucha Adela aliamka, akavaa, akaenda zamuni kama kawaida, na mama yake hakuweza kumzuia. Miguu nayo ilikuwa imeshajifunza njia. Gaudensia alimfuata mbio hadi karakana. Ni kiganja kimoja tu kilichotakiwa, cha Kihwele, na maneno mawili: namtoa binti. Njia nzima aliyarudia maonyo ya Kihwele na kujilaani. Mwenzake alimwambia kweli tupu, yeye akaipokea kama utani.

Kihwele alikuwa amesimama mlangoni, utepe shingoni, akingoja kuingia.

"We mateka wetu!" Gaudensia alimvuta mkono. "Festo! Mtoe mtoto wangu!"

Mwanamume yule aligeuka. Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama," alisema. "Unamtafuta nani?"

Nyuma ya kioo mikono ilishuka pamoja, ikapinda pamoja, na ya Adela ilikuwamo. Gaudensia alijikaza, akatoa kicheko kidogo. Kisha akamkazia macho mtani wake, akisubiri naye acheke.