Karatasi Moja, Mikono Minne

Mumewe alipokuwa safarini na lori, fundi cherehani alianza siku yake kwa kufagia vipande vya nguo vya jana. Kisha aliketi kwenye mashine. Sebule ndiyo ilikuwa karakana yake. Ndiyo ilikuwa pia uwanja wa vita wa watoto wawili.

Mvulana, wa miaka sita, alikuwa wake wa kumzaa. Alipewa jina la Injinia kwa sababu hakuna kitu alichokiona asikifungue. Msichana, wa miaka mitano, alikuja na baba yake, fundi na baba huyo walipooana. Aliitwa Bosi. Ukimsikia akiongea kidogo tu, huulizi kwa nini.

Injinia akishika kalamu nyekundu, Bosi aliitaka hiyo hiyo. Bosi akikaa mkekani, Injinia alidai hapo ni pake. Fundi akaanza kununua kila kitu viwili viwili. Haikusaidia. Wakagombania kipi ni kizuri zaidi.

Siku moja walivutana daftari la kuchorea mpaka kikombe cha maji ya rangi kikamwagikia kitambaa cheupe cha bibi harusi. Fundi alifua, akasugua, doa likakataa kutoka. Akaenda mwenyewe kumwomba radhi mteja.

Jioni alimsimulia mumewe kwa simu. Mume akasema labda Bosi akaishi kwa bibi yake, nyumba ipate kutulia.

"Haendi kokote," fundi alisema. "Huyu ni mtoto wa nyumba hii. Njia itapatikana."

Alipokata simu hakuwa na njia yoyote. Alikuwa na nia tu.

Asubuhi alimkuta jirani yake akianika nguo. Jirani huyo alikuwa mwalimu wa chekechea, na sauti yake ilikwaruza kwa kuimba na watoto kutwa. Fundi akamweleza yote.

"Umempa kila mtu chake," mwalimu alisema. "Sasa watajifunzia wapi kushirikiana, mdogo wangu? Wape kazi ambayo mmoja haimalizi peke yake."

Akamfafanulia. Karatasi iwe moja, kubwa. Vifaa viwe vichache. Pasiwe na mshindi. Mama akae karibu, lakini asiwachoree. Wakibishana, asikimbilie kuamua. Awaulize, "Mtafanyaje?" kisha asubiri jibu.

Fundi akatandika sakafuni karatasi ya kaki anayokatia mitindo. Akawaambia wachore nyumba moja, pamoja. Injinia akapiga mstari katikati. Kila mmoja akachora nyumba yake upande wake. Bosi akaongeza geti na kufuli.

Fundi alitaka kuikunja karatasi na kuyaacha yote. Badala yake aliibeba mpaka kwa jirani. Mwalimu alipoliona lile kufuli alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema watoto hawana kosa, kazi yenyewe ndiyo haikufaa. Nyumba mtu anaweza kuichora peke yake.

"Walaze juu ya karatasi," alisema. "Nani anaweza kulala na kujizungushia kalamu mwili mzima?"

Fundi akatandika karatasi nyingine. Injinia, kama kawaida yake, alitaka kujaribu mwenyewe. Akalala, akachora paja moja, akafika kiunoni. Kwenye bega mkono ukagoma.

"Umefanana na soksi," Bosi alisema, mikono kifuani.

Fundi aliuma midomo asicheke. "Mtafanyaje?" akauliza.

Mguu wa fundi ulitamani kurudi kwenye cherehani. Alijizuia, akasubiri.

"Lala vizuri," Bosi alisema hatimaye. "Nitakuchora. Lakini usitikisike."

"Halafu na mimi nikuchore."

"Haya."

Kalamu ilipofika kwapani, Injinia alicheka na mstari ukapinda. Bosi akanuna. Injinia akasema safari hii atabana pumzi, na akabana kweli, mashavu yamefura. Walipobadilishana, Bosi naye alicheka pale pale kwapani.

Kisha wakawavisha watu wao vipande vya nguo. Mmoja alishika, mwingine akapaka gundi. Kipande cha manjano kilikuwa kimoja, na kelele zikaanza upya. Fundi akauliza swali lake lile lile. Wakabishana, wakapima, wakakikata, Bosi akachagua kwanza. Injinia akapata mikono ya shati, Bosi akapata mkanda wa gauni.

Mwalimu alikuwa amemwambia asisifu uzuri wa picha tu, ataje alichokiona. Kwa hiyo fundi alisema, "Bosi, nimeona ulivyomshikia mwenzako kitambaa mpaka gundi ikakamata. Na wewe Injinia, ulimsubiri achague kwanza."

Ugomvi haukuisha siku hiyo. Kesho yake tu walipigania mto. Lakini fundi hakulegea. Kila alipomaliza kushona alitandika karatasi, na kila walipogombana aliuliza, akasubiri. Polepole wakaanza kuulizana wenyewe, yeye yuko kwenye mashine. Siku nyingine ilikuwa jitu kubwa walilolichora pamoja, siku nyingine lori la baba.

Mume aliporudi alikuwa na maneno ya kumpeleka Bosi kwa bibi tayari mdomoni. Alipofungua mlango alimkuta mkewe amelala chali sakafuni, macho kwenye dari. Injinia alikuwa anachora upande wa kulia, Bosi upande wa kushoto, na kalamu zao zilikuwa zinakaribia kukutana kichwani.

"Mbona..." baba alianza.

"Baba, vua viatu," Bosi alisema bila kuinua uso. "Karatasi inajikunja. Tushikie kona ile."

Yale ya bibi hayakusemwa. Alivua viatu, akapiga magoti, akaishika kona.