Kofia Kumi na Moja

Hili lilimkuta rafiki yangu Hester Brink, mjini kwetu huku Free State, Afrika Kusini. Wiki tatu baada ya kumzika mumewe Gerrit, mwalimu mkuu, alikwenda alasiri moja kurudisha funguo za shule.

Nje ya maktaba alikuta zimetundikwa kofia kumi na moja. Akajua ni wale ndugu wa kundi la siri la Gerrit, waliokuwa wakiamua nani awe mbunge wetu sisi Waafrikana kabla chama hakijaitisha mkutano. Safari hii walikuwa wanampitisha Verster. Gerrit alishamwambia kitandani, huku akikohoa, "Hes, yule mtu atatuangamiza. Simpi kura yangu hata nikifa."

"Basi jitoe, mume wangu."

"Nilikula kiapo, Hes. Hakuna kutoka."

Chini ya mlango hapakuwa na mwanga. Walikaa gizani, kama desturi yao. Sauti iliita jina, na mwenye jina akajibu, "Naafiki." Hester alizitambua sauti zote, ya daktari, ya mchungaji, ya mwoka mikate. Akahesabu mpaka kumi na moja.

"Ndugu Brink?"

Machozi yakamlenga Hester. Tangu mazishi alikuwa akimwita Gerrit chumba hadi chumba, asijibiwe hata mara moja.

Mle gizani mtu akakohoa, kikohozi kilekile kikavu alichokiuguza miezi mitatu.

"Naafiki," akasema Gerrit.