Ncha ya Pili ya Shuka

Droo ilikuwa imefungwa kwa ufunguo, na ndani mlikuwa na kila kitu isipokuwa pasipoti.

Inspekta aliinama akachungulia kitasa. Hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mwizi alitumia ufunguo, na ufunguo wenyewe ulining'inia kwenye msumari, mlangoni pa ofisi ya kituo cha watoto, kila mpita njia akiuona.

"Alama za vidole?" aliuliza mkuu wa kituo.

"Zako, na za nusu ya watoto. Hazitanifaa. Uliiona lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni. Nilimwonyesha mwenyewe: hii hapa, kesho nakukabidhi."

Mwenyewe alikuwa ameketi koridoni juu ya begi lake. Msichana mrefu wa ng'ambo, aliyekuja kujitolea miezi mitatu kufundisha watoto kusoma. Watoto walimwita Twiga. Ndege yake ilikuwa ya jioni ya siku hiyo.

"Si utapanda ya wiki ijayo, binti?"

"Baba yangu anapasuliwa kesho." Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza kwa watoto. "Nimemwambia mkuu tu. Sikutaka watoto wanione nalia."

Inspekta akazunguka nyumba taratibu. Viatu vidogo mlangoni, vimepangwa viwili viwili. Chumba cha wageni: dirisha wazi, kitanda kimetandikwa mashuka ya bluu, yenye mkunjo wa mtu aliyeamka sasa hivi.

"Haya yanafuliwa lini?"

"Siku mgeni anapoondoka, alfajiri," alisema mkuu. "Miaka kumi na moja, haijawahi kukosa."

Inspekta akatoka uani. Kambani kulikuwa na kaptula, magauni, soksi kibao. Mashuka hakuna.

Mfuaji wa kituo, ambaye watoto walimwita Mama Sabuni, alikuwa ameinamia beseni.

"Za kazi, mama?"

"Nzuri, afande. Mikono ndiyo inalalamika."

"Umewafulia mashuka wageni wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Leo Twiga anaondoka."

Mikono ikatulia ndani ya maji.

"Nilichelewa kuamka."

"Soksi zote hizi zimeshakauka, mama."

Mama Sabuni akaanza kusugua soksi iliyokwisha kutakata.

"Hukuyafua kwa sababu ulijua haondoki. Na alfajiri, aliyejua hilo alikuwa mmoja tu."

Mama Sabuni akaifuata ndoo ya sabuni ya unga, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa mfuko wa nailoni. Pasipoti ilikuwa ndani, kavu kabisa.

"Sikutaka kumwibia, afande. Nilitaka wiki moja tu."

"Wageni thelathini umewaacha waende. Kwa nini huyu?"

"Shuka linakamuliwa na watu wawili. Mmoja huku, mmoja kule. Miaka yote ncha moja naifunga kwenye bomba, nyingine naisokota peke yangu. Wageni wanakuja kwa watoto, wanapiga nao picha, wanalia nao. Huku nyuma hafiki mtu. Huyu siku ya pili tu alikuja akashika ncha ya pili. Hakutumwa. Kila Jumamosi, mpaka jana. Tunakamua, ananiuliza nimeota nini." Akafuta pua kwa bega. "Nani mwingine ataniuliza nimeota nini?"

"Baba yake anapasuliwa kesho."

Mama Sabuni akaifunika ndoo, akaketi juu yake.

"Hakuniambia."

Kisha akainuka, akaipeleka pasipoti mwenyewe koridoni.

"Ni mimi, mwanangu."

Twiga akaitazama pasipoti, akaitazama mikono iliyojaa povu. Akainama sana, maana mama alikuwa mfupi, akamkumbatia.

"Sina malalamiko," alimwambia Inspekta.

"Mimi ninayo," alisema mkuu. "Ila kesho, mama. Kesho tutaongea."

Gari likaondoka saa sita. Watoto walilikimbiza mpaka getini, kisha wakarudi mmoja mmoja.

Inspekta alikuwa na jalada la kufunga ofisini. Nyumbani, tangu mkewe afariki, mashati yake aliyaanika yakichuruzika. Akasikia maji yakimwagika uani.

Mama Sabuni alikuwa anafunga ncha ya shuka la bluu kwenye bomba.

Inspekta alivua koti, akakunja mikono ya shati, akafungua lile fundo.

"Utalowa, afande."

"Nitakauka."

"Basi sokota kulia. Usilegeze."

Maji yakaanguka miguuni mwao wote wawili.

"Haya, mama," alisema Inspekta. "Jana uliota nini?"