Mawingu Anacheza na Nani?

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mawingu alilaza kikombe cha bati mwisho wa ujia wa nyumba yao, akasukuma mpira wa gofu uingie ndani. Jina lake halisi lilikuwa kwenye rejista ya shule tu. Nyumbani aliitwa Mawingu, kwa sababu ukimtuma chumvi angerudi na kiberiti, na ukimwachia maziwa jikoni yangefurika huku yeye akitazama mvuke unavyopanda. Lakini mbele ya mpira, mawazo yake yote yalitulia mahali pamoja. Aliusukuma taratibu, ukabingirika sakafuni kama unaosinzia, kisha kling! ukaingia.

"Mchezo gani huu," bibi yake alilalamika kila alipouruka mpira, "watu wazima na akili zao wanashangilia kutumbukia shimoni!"

Lakini Jumamosi moja Mawingu hakuyacheka maneno hayo kama alivyozoea. Timu ya watoto ya klabu ya gofu ilikuwa imebakiza nafasi moja, na waliokuwa wakiigombea ni wawili: yeye na Radi. Radi alikuwa msichana mrefu mwenye mabega mapana, na jina hilo alilipata kwa mlio wa fimbo yake ikigonga mpira. Shimo lingekuwa la yule atakayeutumbukiza mpira kwa mapigo machache zaidi, na mwenye mashimo mengi kati ya tisa ndiye angeichukua nafasi. Mwenzake angesubiri mwaka mzima. Mawingu aliitaka nafasi hiyo mpaka usingizi ulimpaa.

Aliyembebea mkoba wa fimbo ni shangazi yake, msusi wa nywele, aliyefunga saluni yake kwa ajili ya siku hiyo. Gofu hakuijua hata chembe.

"Shangazi, tumbo linaniuma," Mawingu alinong'ona.

"Hilo si tumbo, ni woga. Tembea mwanangu, utashuka wenyewe."

Kwenye shimo la kwanza Radi alitangulia. Mpira wake ulipaa mpaka ukawa nukta, ukapotelea kwenye ukungu, na watazamaji wakaguna kwa mshangao. Mawingu alikuwa ameshika fimbo fupi, kama kocha alivyomfundisha. Aliirudisha mkobani, akachomoa iliyo ndefu kuliko zote. Alikaza meno na kupiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukaenda upande, ukaingia vichakani. Shimo la pili akafanya vilevile, na safari hii mpira ukazama mchangani. Mashimo yote mawili yakawa ya Radi. Mawingu alihisi machozi yakimlenga.

Shangazi aliweka mkoba chini. "Hebu niulize mimi mshamba wa mchezo huu. Leo unacheza na nani?"

"Na Radi, shangazi. Si unamwona?"

"Namwona. Na wewe tangu tufike humwoni mwingine. Mpira wake unaupiga wewe?"

"Hapana."

"Fimbo yake unaishika wewe?"

"Hapana, shangazi."

"Basi unacheza na mpira wako na majani haya. Radi anatembea tu karibu yako. Mimi saluni ya jirani ikijaa wateja, nikianza kuchungulia dirishani, nitasuka mistari iliyopinda mpaka mteja anikimbie. Namsuka aliyekaa mbele yangu, basi."

Mawingu alipangusa macho. Tangu juzi alikuwa akijiambia, "Nacheza na Radi, nacheza na Radi," na neno hilo dogo lilikuwa limemziba macho asione kiwanja kizima.

Sasa alikiona. Ukungu ulikuwa unayeyuka polepole. Umande uliwaka juu ya majani, na vivuli vya miti vilijinyoosha kwa uvivu. Fimbo ya Radi ilinguruma tena, lakini ngurumo hiyo ilimfikia Mawingu kwa mbali, kama redio ya nyumba ya pili. Alishika fimbo yake fupi na kupiga. Mpira haukwenda mbali. Ulikwenda alikoutaka.

Akapiga tena hivyo hivyo, shimo baada ya shimo. Mashimo mawili yakaisha sare. La tano akashinda, kwa kuwa mpira wa Radi uliruka mbali na kulipita shimo. Hatua kwa hatua alimfikia, na baada ya shimo la nane wakawa sawa.

Kwenye shimo la mwisho Radi alimtupia Mawingu jicho kabla ya kupiga, na mpira wake ukatua mchangani. Alihangaika kuutoa. Mawingu yeye alifika karibu na shimo, akabakiwa na pigo moja la kumpa ushindi. Ghafla woga ukarudi. Je, akikosa, na watu wote hawa wanatazama? Akavuta pumzi, akachuchumaa kuangalia majani yalivyoinama. Akaugusa mpira taratibu. Ulibingirika, ukasita ukingoni, kisha ukaingia.

Shangazi alipiga vigelegele mpaka kocha akaziba masikio. Mawingu alilia na kucheka kwa pamoja, bila kuona haya.

Radi alikuja kumpa mkono. "Hongera. Nilipoona hunitazami tena, nikaanza kukutazama wewe. Nilikuogopa."

"Mimi?" Mawingu aliduwaa. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani angeweza kumwogopa yeye.

Kocha aliwashika wote wawili mabega. "Mmesikia wenyewe," alisema. "Ukimwogopa mpinzani, nguvu zake haziongezeki hata kidogo. Zako ndizo zinazopungua. Aliye hodari mheshimu, jifunze kwake, lakini ukisimama kupiga, simama na kile unachokiweza wewe. Leo kila mmoja wenu amesahau hilo kwa zamu yake. Mawingu amelikumbuka mapema zaidi."