Notisi Iliyotolewa Matangani

Asubuhi hiyo boma la Mzee Ogola lilikuwa limetulia. Mkewe, Mama Rachael, alikuwa akipepeta mtama mbele ya nyumba. Fabian, kifungua mimba wao, alikuwa akibambua magome ya miti aliyoikata kwa ajili ya nguzo. Mzee mwenyewe alikuwa kitini, akimrushia punje za mahindi jogoo mmoja mwekundu, mnene, ambaye hakuna mtu aliyeruhusiwa kumchinja, hata siku askofu alipopita. Nami nilikuwa hapo nikinywa uji. Jina langu ni Mwalimu Ooko, mstaafu, karani wa kanisa letu hapa karibu na Awasi. Msinisahau, maana nitarudi katika habari hii, na si kwa sifa.

Wasomaji wa mbali, ngojeni niwaeleze jogoo huyo alikuwa wa nini. Kwetu, kijana akishaoa na kuzaa hakai bomani kwa baba yake milele. Siku moja alfajiri baba humtoa. Mtoto wa kiume wa kijana hubeba jogoo, kijana hubeba shoka, mkewe hubeba moto, na baba hutangulia mbele hadi kwenye kiwanja kipya, akachimbia nguzo ya kwanza kwa mkono wake. Nyumba husimama siku hiyo hiyo. Hapo kijana amepata dala, yaani boma lake mwenyewe, na ni mtu mzima mbele ya watu. Wadogo zake hawawezi kutoka kabla yake. Fabian alikuwa na miaka thelathini na minane, watoto watatu, na wadogo wawili waliokuwa wakingoja nyuma yake kama watu kwenye foleni ya zahanati.

Kiwanja kilikuwepo. Ni shamba la juu, ekari mbili, mahali pekee katika ardhi ya Ogola ambapo mafuriko ya mto Nyando hayafiki. Lakini miaka mitano iliyopita Mzee alikuwa amelikodisha kwa kampuni iliyokuja kutafuta gesi chini ya ardhi. Walizungusha ua, wakachimba kisima chembamba kirefu, wakachimba na shimo pana la kumwagia tope, kisha wakanyamaza. Gesi hatukuiona. Tulichoona ni bomba la chuma lenye kifuniko, mirundo ya mabomba mengine yakishika kutu, na bawabu akilala kivulini. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano, na miaka hiyo ilikuwa imetimia siku chache tu kabla ya asubuhi hiyo, mwisho wa mwezi wa tatu. Wiki iliyofuata ndiyo ingekuwa wiki ya jogoo.

Na kulikuwa na haraka. Moyo wa Mzee Ogola ulikuwa umechoka. Miguu yake ilivimba hata viatu vikamkataa, na daktari wa Kisumu alimwita Mama Rachael kando akamwambia wasihesabu miaka, wahesabu miezi. Ndugu yake wa pekee alikuwa amekwisha kufa. Ni kweli wazee wa ukoo wangeweza kumtafutia Fabian mtu wa kusimama badala ya baba. Lakini Ogola hakutaka mtu asimame badala yake. Alitaka mkono wake.

Basi tukiwa pale, pikapu ya kampuni ikapita kuelekea shamba la juu, imebeba nguzo mpya za ua. Kisha Tom akaja kutusalimu. Tom ni mtoto wa huku huku, kampuni ilimwajiri kuwa mtu wake wa kuzungumza na wenyeji. Alivua kofia vizuri akampa Mzee mkono.

"Tom, mbona mnaleta nguzo?" Mzee akauliza. "Si mlipaswa kuziondoa?"

"Baba, mkataba umeendelea. Miaka mitano mingine."

Mama Rachael aliacha kupepeta. "Umeendelea vipi na hatujamwita mtu hapa kutia saini?"

"Mama, ndivyo imeandikwa. Kama mwenye shamba hajatoa notisi siku tisini kabla ya mwisho, mkataba unajiendeleza wenyewe."

"Notisi si nilitoa?" Mzee alisema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Alikuwa na hakika. "Kwa matanga ya ndugu yangu. Wewe mwenyewe ulikuwa hapo, Tom. Si ulinisikia?"

"Nilikusikia, Baba," Tom akasema, akiangalia chini. "Lakini kampuni haikusikia."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoweka kikombe cha uji chini, maana mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti siku hiyo ya matanga. Ilikuwa mwezi wa kumi, miezi mitano kabla ya mkataba kwisha. Watu walikuwa mamia, mahema mawili yamejaa. Mnajua desturi yetu. Mazishini ndipo tunaposema mambo mazito, kwa sababu kila mtu yupo: ukoo, kanisa, naibu wa chifu, na marehemu mwenyewe analala pale kama shahidi. Nani atakana neno lililosemwa mbele ya jeneza? Mzee Ogola alisimama akasema, "Nataka wote mjue. Shamba la juu, mkataba ukiisha, sitaki tena kampuni. Hapo ndipo dala ya Fabian." Watu wakapiga makofi. Nami kwa ujuaji wangu nikamtafuta Tom katika umati, nikamwuliza kwa kipaza sauti, "Bwana Tom, umesikia?" Akainua mkono, "Nimesikia, Mwalimu." Tukaendelea na sala. Tukarudi nyumbani tumeridhika kwamba jambo limekwisha.

Fabian alikuwa amesikia yote hayo. Ghafla akashika shoka, akaanza kwenda kule kwenye ua mpya, hatua ndefu, na mkewe Sheryl akimfuata huku akilia. Tom akarudi nyuma. Mzee hakuweza kusimama haraka, lakini aliita kwa nguvu aliyobaki nayo.

"Fabian! Hilo shoka ni la nyumba. Si la mtu."

Fabian alisimama. Akalirudisha chini polepole. Namsifu kijana huyo mpaka leo, maana angefanya alichotaka kufanya, tungekuwa tunamtembelea jela.

Kesho yake mimi na Fabian tulikwenda Kisumu kwa wakili anayeitwa Prerna, ambaye ofisi yake iko katika nyumba ya zamani huko Milimani. Mama Rachael alitupa nakala ya mkataba. Ilikuwa sandukuni, chini ya shuka za wageni, imekunjwa vile vile ilivyokunjwa siku ya kwanza. Haikuwa imefunguliwa hata mara moja.

Wakili Prerna alisoma kurasa zote tisa. Alipomaliza, alitaja mambo mawili.

"Kwanza, pole. Tom alisema kweli. Notisi ni ya maandishi, ipelekwe ofisini, siku tisini kabla. Maneno ya matangani, hata yangesikiwa na watu elfu, hapa hayana nguvu."

Fabian akainamisha kichwa.

"Pili, ngoja. Kuna kifungu cha kumi na moja. Kampuni ikiacha kuchimba kwa miezi kumi na miwili mfululizo, mwenye ardhi anaweza kuvunja mkataba wakati wowote, kwa notisi ya siku thelathini. Haijalishi umejiendeleza au la. Na wakiondoka wanapaswa kuziba kisima, kufukia shimo, na kurudisha ardhi kama walivyoikuta. Waliacha kuchimba lini?"

"Zaidi ya miaka miwili," Fabian akajibu.

"Basi haki hii mmekuwa nayo mwaka mzima na zaidi. Gesi iliyo chini ni ya serikali, lakini ardhi ya juu ni ya mzee wako." Akageuza ukurasa ule wa kifungu cha kumi na moja, akaweka kidole chini kabisa. "Hii saini ya shahidi ni ya nani?"

"Yangu," nikasema.

"Mwalimu, ulisoma kabla ya kutia saini?"

Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja. Nimewachapa watoto kwa kujibu swali bila kusoma kifungu cha habari. Mkataba ule uliandikwa Kiingereza, na katika nyumba ile mimi ndiye niliyeweza kuusoma. Siku ya kutia saini kulikuwa na soda na kuku, na mimi nilitia saini haraka ili tule. Nilimjibu wakili ukweli. Hakunikemea, na afadhali angenikemea.

Barua iliandikwa siku hiyo hiyo. Fabian aliipeleka mwenyewe katika ofisi ya kampuni, akangoja hadi nakala yake ikapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku thelathini zikaanza kuhesabiwa.

Mzee Ogola alizihesabu kwa punje za mahindi. Kila asubuhi alimpa jogoo punje moja kutoka kwenye bakuli lenye punje thelathini, kisha ndipo akamlisha kama kawaida. Siku ya kumi na tisa hakuweza kutoka kitandani, akamwomba mjukuu amlete jogoo chumbani. Siku hiyo nilikwenda kwa Tom, nikamwomba kwa jina la Mungu.

"Tom, fungua ua nusu saa tu. Tumbebe mzee kwa kiti, aichimbie nguzo moja. Moja tu. Mengine yatangoja tarehe."

"Mwalimu, naogopa kazi yangu. Akianguka ndani ya ua nitasema nini ofisini?"

"Utasema ni baba yako."

Tom alifuta macho. Simsingizii, alifuta macho kweli. Lakini ua hakufungua.

Siku ya ishirini na sita Mzee Ogola alifariki, saa nne asubuhi, Mama Rachael akiwa amemshika mkono. Katika bakuli zilibaki punje nne.

Tulimzika bomani kwake. Kwa kuwa baba alikuwa amefariki, na kwetu hakuna anayetoka kabla msiba haujaisha, Fabian hakuweza kutoka, hata baada ya kampuni kuondoa ua tarehe ilipotimia siku chache kabla ya mazishi. Ardhi ilikuwa imerudi. Aliyepaswa kuikabidhi hakuwepo. Nao walikuwa wameacha lile shimo la tope wazi, na kisima hakijazibwa.

Siku ya mazishi nilipewa kipaza sauti tena. Zamu ya kampuni ilipofika, Tom alisimama mbele ya jeneza, akatoa pole, akasema maneno mazuri kuhusu marehemu, kisha akaongeza, "Na lile shimo, familia msiwe na wasiwasi. Kampuni itafukia. Nasema hapa mbele ya wote."

Watu wakaanza kupiga makofi.

Mama Rachael aliinuka kitini. Wajane kwetu hawasimami hovyo wakati huo, na makofi yalikatika yenyewe. Alikuja hadi mbele, akatoa katika mfuko wa nguo yake ya msiba karatasi iliyokunjwa mara moja, na kalamu.

"Bwana Tom," alisema, "mume wangu alisema hapa, na nyinyi mlisikia. Sasa andika."

Tom alimtazama, akanitazama mimi. Nilimsogezea meza ya kitabu cha wageni. Aliandika akiwa amesimama: kampuni itaziba kisima na kufukia shimo ndani ya siku kumi na nne. Akaweka jina, cheo, tarehe na saini. Naibu wa chifu akatia saini. Kisha karatasi ikaja kwangu ili nitie saini kama shahidi. Niliisoma yote, neno kwa neno, kwa sauti, kwenye kipaza sauti, watu wote wakisikiliza. Nikaisoma mara ya pili. Ndipo nikatia saini. Mama Rachael aliikunja, akaiweka kifuani, akarudi kuketi karibu na jeneza la mumewe.

Shimo lilifukiwa siku ya kumi na mbili, na kisima kikazibwa.

MAFUNZO

Ndugu zangu, sitaki mseme kwamba habari hii ni ya kampuni mbaya na familia njema. Tom hakudanganya mtu. Kampuni ilifuata karatasi. Karatasi hiyo hiyo ilikuwa na dawa yetu ndani yake, na tuliilaza chini ya shuka za wageni.

Heshimuni desturi, lakini msidhani kampuni inaishi ndani ya desturi yenu. Neno la matangani linafunga ukoo, halifungi ofisi. Ukikodisha shamba, soma jinsi ya kuingia na usome zaidi jinsi ya kutoka: mkataba unaisha lini, unajiendeleza au la, notisi ni ya siku ngapi, ipelekwe wapi, na ardhi itarudishwa katika hali gani. Kama husomi, tafuta anayesoma, naye asome kabla ya kuku kuiva. Peleka notisi kwa maandishi, mapema, na usiondoke pale bila nakala yenye muhuri. Haki usiyoijua haikusaidii, hata ikiwa ni yako kabisa.

Fabian bado yuko bomani kwa baba yake. Msiba ukiisha, mzee wa ukoo atakuja kumtoa, na dala itasimama pale juu, na wadogo zake watafuata. Itakuwa nyumba nzuri. Lakini nguzo ya kwanza itachimbiwa na mkono wa mtu mwingine, na kila nitakapopita pale nitajua ni kwa nini.

Siku hizi kila Jumamosi niko kwenye ofisi ya kanisa, nawasomea watu mikataba yao bure. Leta wako. Ila nakuomba, umlete mwenye shamba akiwa bado hai.