Zamu ya Kukamua Behewa

Kila Jumanne na Ijumaa, saa nane mchana, treni ya mafuta ilisimama nyuma ya nyumba ya Dobi. Ilikaa saa nzima ikisubiri treni ya abiria ipite. Dobi hata hakuiangalia. Alikuwa na nguo za watu mezani na pasi ya mkaa mkononi.

Ila behewa la tisa mtaa mzima walilijua. Lilivuja petroli kwenye koki ya chini. Tone, tone. Majirani wakaliita Ng'ombe, wakapanga na zamu ya kulikamua. Leo kwa Dobi, Ijumaa kwa kinyozi, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mtaa. Zamu ziliandikwa kwenye daftari, na tarehe, watu wasije wakagombana. Mwenye zamu alitega ndoo, akapata lita mbili tatu za bure.

Jumanne moja akaja wifi yake Dobi, dada wa mumewe. Huyu ni mkaguzi wa mabehewa kwenye stesheni ya mbali. Hata hakukaa.

"Wifi, mbona kwako kunanuka petroli?"

"Utazoea. Leo zamu yetu. Kaka yako yuko nyuma anakamua."

"Anakamua nini? Nyinyi mmekuwa na ng'ombe lini?"

Dobi akacheka, akamwonyesha behewa. Wifi hakucheka. Alichukua ndoo ya maji akaimwagia pasi. Maji meusi yakarukia shati jeupe la mteja.

"Una wazimu wewe? Shati la watu hilo."

"Shati litafuliwa. Wewe ukiungua utafuliwa? Kaka, acha hiyo ndoo, toka huko. Simu usiiguse. Chukueni watoto, twendeni upande upepo unakotokea."

Walipofika mbali, mtaa mzima ukiwafuata, wifi akawaambia kwa hasira, "Mvuke wa petroli hauendi juu kama moshi. Ni mzito. Unatambaa chini, hamuuoni, unaingia mpaka jikoni. Ukikuta kaa moja la moto, unarudi na moto mpaka kwenye behewa. Na mabehewa yapo ishirini."

Dobi akapiga hesabu ya hatua kutoka pasi yake mpaka relini. Kumi na mbili.

"Kwetu behewa la mafuta haliondoki mpaka mkaguzi aingie chini yake, akague koki moja moja," wifi akasema. "Likivuja, linatolewa. Hili limevuja tangu lini?"

Kinyozi alikuwa na daftari la zamu. Akafungua ukurasa wa kwanza. Miezi minane.

"Miezi minane," wifi akasema. "Na mkaguzi wenu alikuwa amelala wapi?"

Alipiga simu stesheni ya karibu palepale. Wakajibu, "Tutaangalia." Treni ikaondoka ikivuja vilevile.

Kesho yake wakaenda kwa mkuu wa stesheni. Akawafungulia kitabu cha ukaguzi. "Mama, angalia. Kila safari ina mhuri. Salama, salama, salama."

Dobi akaweka daftari la zamu pembeni yake. "Tarehe tatu umeandika salama. Sisi tulikamua lita tatu. Tarehe sita, salama. Kinyozi alikamua mbili."

"Kwa hiyo mmekuja kukiri wizi?"

Kinyozi akakohoa. Mume wa Dobi akautazama mlango.

"Andika wizi," Dobi akasema. "Tumekosa, tutajibu. Halafu andika na la kwako. Nina watoto watatu wanalala pembeni ya reli yako. Mhuri wako unaziba koki?"

Mkuu wa stesheni akafunga kitabu chake.

"Hapa tusiishie," wifi akasema wakiwa nje. "Ipo mamlaka ya usalama wa reli. Kazi yake ni kuwasimamia hawa. Waandikieni barua: namba ya behewa, mahali, tarehe na saa. Tajeni na ndoo zenu, msifiche. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa, wasije wakasema haikufika."

Nyumba ishirini na mbili zikatia sahihi.

Siku ya tisa wakaguzi wa mamlaka wakaja. Walilala chali chini ya mabehewa, nguo zikachafuka. Mabehewa manne yalikuwa na mipira ya kuzibia koki iliyooza. Mkaguzi wa stesheni akasema ukweli: alipewa dakika kumi kwa treni nzima, basi akawa anagonga mihuri mezani. Kampuni ikaamriwa ikague chini, si mezani. Treni za mafuta zikakatazwa kusimama karibu na nyumba. Namba ya simu ya dharura ikabandikwa kwenye kila nguzo, na ndoo zikarudi kubeba maji.

Miezi mitatu baadaye treni ya mafuta ilipita polepole. Dobi akaona behewa linadondosha. Hakungoja mtu. Alikwenda mbali na reli, akapiga simu, akataja namba ya behewa. Treni ikasimamishwa mbele, kwenye uwanda mtupu, mafundi wakaitwa. Treni ya abiria ikakwama nyuma yake, hapo hapo mtaani.

Abiria mmoja akatoa kichwa dirishani. "Nani kasimamisha reli?"

"Mimi," Dobi akasema.

"Umenipotezea saa mbili, mama."

"Utafika umechelewa, mwanangu. Lakini utafika."