Kilichopita Siku Saba

Kwanza ilitoweka picha ya harusi. Fremu ilibaki ukutani, kioo kizima, ndani yake karatasi nyeupe pee.

"Umeipeleka wapi?" mke wa Fundi alimuuliza, kichanga cha siku moja kikiwa begani.

"Mimi? Labda imechujuka."

Kuchujuka gani kwa usiku mmoja? Siku ya pili vikaondoka vyeti vyake vya shule, ya tatu barua za marehemu mama yake, na kila mara chumba kilinuka spiriti ya kusafishia vidonda. Vitu vilivyonunuliwa wiki ile havikuguswa. Hapo Fundi akaelewa, kwa sababu sheria ile ya siku saba aliitunga mwenyewe.

Ndiye aliyetunza nakala za mafaili ya wagonjwa katika kompyuta za hospitali. Nafasi ilipojaa, aliiagiza mashine ifute yenyewe kila nakala iliyopita siku saba. Mafundi wote wanajua: fungua nakala mpya uione kwanza, ndipo ya zamani iende. Yeye hakufungua hata moja. Ni uvivu tu, tusimpambe. Kwa siku tisa nakala mpya ziliingia tupu, na mashine, kwa utiifu wake, ikafuta ile nzima ya mwisho. Kompyuta kuu ilipoungua, hakukuwa na cha kurudisha. Akaletwa mwanamke aliyezirai, akadungwa dawa ambayo faili lake lilikuwa limeikataza kwa herufi nyekundu. Akafa. Fundi akasingizia umeme.

Mganga aliyemwendea alikataa hata kuwasha chetezo.

"Huyu hafukuzwi kwa moshi. Nenda kwa mkubwa wako, nenda kwa mume wa marehemu, useme. Leo."

"Nitapoteza kazi, mzee wangu. Nina mtoto wa siku tatu."

"Nimekusikia. Ndiyo maana nikasema leo."

Hakwenda. Alijiambia kesho, na kesho ikawa keshokutwa. Mchana wa siku ya sita, mkewe akiwa uani anaanika nguo, Fundi alisikia ndala zikiburuzwa ukumbini, taratibu, na pumzi iliyokwama kooni ikivutwa, ikirudi, ikivutwa tena, ikapita jikoni, ikapita mlango wa choo, ikaingia chumbani mpaka ikasimama kando ya kitanda cha mtoto, na harufu ya spiriti ikamchoma macho.

"Mimi ulinipa siku saba," ilisema pumzi. "Na wako nampa saba."

Mtoto alizaliwa saa nne asubuhi; siku zake saba zingetimia kesho yake saa hiyo hiyo. Kwa hiyo siku iliyofuata, saa mbili kamili, Fundi alikuwa mlangoni kwa mkubwa wake. Mkubwa yuko kikaoni, akaambiwa. Angeweza kuusukuma ule mlango. Akaketi kwenye benchi, akangoja.

Aliitwa saa nne na nusu. Akasema yote huku analia. Akampigia simu mume wa marehemu, akamweleza yote upya.

"Asante kwa kuniambia," mume yule alisema. "Lakini kukusamehe siwezi."

Fundi alikimbia mpaka nyumbani. Harufu ilikuwa imekwisha, na kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu. Mkewe ameketi kitandani, anakunja vinguo vidogo walivyonunua juzi, kifua cha gauni lake kimelowa maziwa.

"Mume wangu," aliuliza kwa upole, "hivi ni vya mtoto wa nani?"